Mbinu za nyumbani za kutunza cherehani na kushona mfarishi wa viraka

Cherehani ikianza kuruka mishono, wengi hukimbilia kitufe cha kukaza uzi. Wanakikaza, wanakilegeza, wanakikaza tena, mpaka hawakumbuki kilikuwa wapi mwanzo. Mara nyingi kosa haliko huko. Liko kwenye sindano iliyochoka, kwenye vumbi la nyuzi lililojaa chini ya meno yanayosukuma kitambaa, au kwenye uzi uliotungwa wakati mguu wa cherehani umeshushwa. Mfarishi wa viraka huyafichua yote haya haraka, kwa sababu mashine inayoshona gauni bila shida inaweza kugoma kabisa ikipewa matabaka matatu kwa pamoja: viraka juu, pamba katikati, bitana chini.

Nitafuata kazi inavyokwenda: mashine kwanza, kisha viraka, kisha kuunganisha matabaka na kuyashona. Vifaa vingi nitakavyovitaja tayari viko nyumbani. Nitataja pia mbinu zinazosifiwa sana ambazo ni bora kuachana nazo, maana nyingine zinaharibu mashine.

Safisha kabla ya kutia mafuta

Mafuta yakiwekwa juu ya vumbi hugeuka tope, na tope hilo likikauka hukaza mashine kuliko vumbi lenyewe. Kwa hiyo kusafisha kunatangulia.

1. Zima mashine na uchomoe waya kwenye soketi. Kama ni ya kukanyaga, vua mkanda kwenye gurudumu ili isije ikazunguka vidole vyako vikiwa ndani.

2. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote. Kisha toa sindano, mguu na bobini (kijirili cha uzi wa chini), na ufungue skrubu za bamba la sindano. Skrubu zibandike kwenye kipande cha tepu kilicholazwa mezani upande wa gundi ukiwa juu, kwa mpangilio uleule ulivyozitoa.

3. Chukua brashi ndogo ya rangi, mswaki wa zamani uliokauka vizuri, au brashi ya nyusi iliyooshwa, uzoe vumbi kutoka katikati ya meno yanayosukuma kitambaa. Mashine ambayo haijafunguliwa muda mrefu itakuwa na manyoya yaliyokandamizana kama kipande cha zulia, na hapo brashi haitoshi. Yang'oe kwa kibano cha nyusi au ncha ya kijiti cha meno. Meno yakijaa hivyo hayainuki kikamilifu, kitambaa hakisogei sawasawa, na mishono hutoka mingine mifupi mingine mirefu.

4. Toa kikombe cha bobini, ufute ndani na kuzunguka ndoana, ile inayozunguka na kunasa uzi wa juu, kwa kitambaa kisichotoa manyoya. Fulana ya pamba iliyochakaa inafaa sana.

5. Pembeni mwa kikombe hicho kuna kibati chembamba kinachobana uzi wa chini. Pitisha kona ya karatasi ngumu chini yake, taratibu. Unyuzi mmoja tu ukinasa hapo, uzi wa chini hulegea na utahangaika siku nzima ukidhani tatizo liko juu. Usitumie pini wala sindano: zikikwaruza chuma, uzi utakuwa unakatika kila mara.

6. Inua mguu wa cherehani ili visahani vya kukazia uzi vifunguke, kisha pitisha katikati yake ukanda mwembamba wa kitambaa cha pamba, kutoka juu kwenda chini, mara mbili tatu. Watu wengi hawajawahi kusafisha sehemu hii tangu mashine ilipoingia nyumbani.

Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na chuma kilichofichika ndani kitashika kutu. Makopo ya hewa nayo husukuma manyoya hadi kwenye mota na magurudumu ya ndani, mahali ambapo hutayafikia. Kuvuta ni salama kuliko kupuliza: kama una mashine ya kufyonza vumbi, funga mrija wa kunywea kwenye mdomo wa bomba lake kwa tepu, na utafika kila kona.

Mafuta: tone moja, mahali panapostahili

Mafuta ya cherehani ni mepesi, angavu, na hayagandi kirahisi. Mafuta ya kupikia si mbadala wake hata kwa siku moja, kwa sababu yakikaa hewani hugeuka gundi. Ile dawa ya kupuliza inayolegeza skrubu zenye kutu nayo watu huidhania ni kilainishi. Inalegeza kweli, lakini ikishakauka haiachi ulaini wa kutosha, na chuma kinabaki kikisuguana na chuma.

Soma kwanza kitabu cha mashine yako. Baadhi ya mashine za kisasa hazitakiwi kutiwa mafuta na mwenyewe, au zina sehemu moja tu kwenye ndoana. Zile nzito za chuma zina vitundu vidogo juu, ubavuni na chini, na kila kimoja kinataka tone moja. Kama kichupa chako kinamwaga, chovya ncha ya sindano nene kwenye mafuta na uiguse kwenye kitundu, tone litashuka lenyewe.

Yasifike kwenye mkanda, visahani vya kukazia uzi, mpira wala ndani ya mota. Magurudumu ya plastiki hayataki mafuta haya, yanataka grisi maalumu, na hiyo ni kazi ya kumwachia fundi kama hujazoea. Ukimaliza, zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa, futa yaliyozidi, kisha shona kwenye kitambaa chakavu mpaka mshono utoke bila doa. Ukiruka hatua hii ya mwisho, doa litatua kwenye kiraka cheupe kuliko vyote.

Kwa anayeshona mara kwa mara, kipimo kizuri ni kutia mafuta kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi. Kwenye mfarishi usafi unahitajika mapema zaidi, kwa kuwa pamba ya katikati inamwaga manyoya mengi. Kila unapobadilisha bobini ya pili au ya tatu, piga brashi.

Mashine ya zamani iliyokaa stoo hadi ikagoma kuzunguka ina dawa yake. Kama ni ya mkono au ya kukanyaga, dondoshea mafuta ya taa kwenye viungo vyote, iache usiku kucha, halafu jaribu kulizungusha gurudumu kwa mkono bila kulilazimisha. Futa tope litakalotoka, rudia mpaka izunguke kwa wepesi, kisha ndipo utie mafuta yake halisi. Fanya hivyo penye hewa na mbali na moto. Yenye mota usiimwagie mafuta ya taa hata kidogo.

Mkanda wa ngozi wa cherehani ya kukanyaga hulegea kadiri siku zinavyokwenda. Ukianza kuteleza, toa kile kipini cha chuma kinachouunga, kata kipande cha sentimita moja hivi, toboa tundu jipya na uunge tena. Usikate zaidi kwa pupa: mkanda uliokazwa mno huchosha miguu na hulemea mashine.

Sindano

Sindano ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mashine na ndiyo inayotumikishwa hadi iombe msamaha. Ibadilishe baada ya saa 8 hivi za kushona, au kila unapoanza mfarishi mpya. Ukisikia kama inagonga kitambaa badala ya kukipenya, imekwisha.

Kuna vipimo viwili vya nyumbani. Cha kwanza, pitisha ncha yake juu ya soksi ndefu ya nailoni iliyochakaa. Ikivuta hata unyuzi mmoja, ncha imeharibika. Cha pili, laza ubavu wake ulio bapa juu ya kioo, uangalie kwa usawa wa macho. Mwanya kati ya sindano na kioo uwe sawa mwanzo hadi ncha. Ukiona unapungua au kuongezeka, sindano imepinda.

Namba zilizoandikwa, mfano 80/12 au 90/14, zinaeleza unene. Namba kubwa ni kipenyo kwa sehemu ya mia ya milimita, kwa hiyo 90 ni milimita 0.9. Kuunganisha viraka vya pamba, 80/12 inatosha. Kushona matabaka matatu, panda hadi 90/14. Ya 100/16 iweke kwa jinzi na vitambaa vizito, maana kwenye pamba laini itaacha matundu yanayoonekana.

Upande wa kuiweka huwachanganya watu, hasa kwenye mashine za zamani. Angalia mfereji mrefu uliochongwa ubavuni mwa sindano. Uzi unaingia tunduni kutoka upande wa mfereji huo, na upande bapa unakuwa kinyume chake. Ukiigeuza, mashine haitashona au itaruka mishono mfululizo.

Kushona juu ya karatasi ya msasa ili kunoa sindano ya mashine ni mbinu inayosambaa sana, na sishauri uijaribu. Chembe za mchanga zitaanguka moja kwa moja kwenye ndoana uliyotoka kuisafisha. Kukata msasa kwa mkasi hakuna madhara makubwa, ila hakunoi. Kunaondoa vinundu vidogo tu kwenye makali, na mkasi uliokuwa butu utabaki butu.

Kutunga uzi kukiwa shida, kata ncha yake mshazari kwa mkasi mkali, weka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya tundu, na ulowanishe tundu badala ya uzi. Uzi uliolowa huvimba.

Mashine ikisumbua, fuata mpangilio huu

Kabla hujagusa kitufe cha mkazo:

1. Chomoa uzi wote wa juu. Inua mguu, tunga upya tangu mwanzo. Mguu ukiwa chini, visahani vimefumba na uzi unakaa juu yake badala ya kuingia katikati. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya ule msongamano wa nyuzi chini ya kitambaa, hata kama jicho linaona kila kitu kimetungwa sawa.

2. Toa bobini, irudishe upya. Kama imejazwa juu ya mabaki ya uzi mwingine, au imejaa hadi inasugua ukingo, ijaze upya.

3. Badilisha sindano.

4. Piga brashi chini ya bamba.

5. Pima uzi wenyewe. Vuta kipande mikononi. Ukikatika kwa mguso mdogo, umezeeka. Uzi wa pamba uliokaa juani miaka mingi hauna maisha.

Kama bado haijakaa sawa, ndipo uende kwenye mkazo, na ufanye jaribio linaloonekana kwa macho. Tengeneza kipande cha majaribio cha matabaka matatu kwa vitambaa na pamba ileile utakayotumia. Juu weka uzi mwekundu, chini mweupe, wa unene mmoja. Shona mstari mmoja mrefu. Vidoa vyeupe vikionekana juu, uzi wa juu umekazwa mno. Wekundu ukijitokeza chini, umelegea. Geuza kitufe nusu hatua, shona tena. Nyuzi mbili zinapaswa kufungana ndani ya pamba, zisionekane upande wowote.

Kanuni hiyo ya nyuzi mbili kufungana katikati ya kitambaa haijabadilika tangu mvumbuzi Elias Howe alipopata hataza yake (haki ya kumiliki uvumbuzi) Marekani mwaka 1846, kwa sindano yenye tundu karibu na ncha na uzi wa pili unaopita chini. Ndiyo maana mashine ya kukanyaga na ile yenye skrini zinaumwa magonjwa yaleyale.

Uzi wa chini hauguswi mpaka iwe lazima. Kwenye vikombe vinavyotoka, ning'iniza kikombe chenye bobini kwa uzi wake na ukitikise kidogo. Kishuke kidogo na kusimama. Kikishuka moja kwa moja hadi chini, kimelegea. Kisiposhuka kabisa, kimekaza. Skrubu yake ni ndogo mno, robo ya mzunguko ni nyingi.

Viraka: robo inchi iwe robo inchi

Osha vitambaa kabla ya kukata, hasa kama unachanganya vipya na nguo kuukuu. Pamba husinyaa, na kuukuu imeshasinyaa. Kwa rangi kali kama nyekundu na nyeusi, lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe na upige pasi. Ikiachia rangi, osha tena mpaka maji yatoke safi, au kiache kitambaa hicho kwa kazi nyingine.

Kitambaa laini kinachoteleza kipe wanga. Koroga kijiko kikubwa kimoja cha unga wa wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, ongeza maji ya moto hadi nusu lita, uache upoe, uuchuje, kisha uunyunyizie kitambaa kwa chupa ya kupulizia na kukipiga pasi kikiwa na unyevu mdogo. Kitakatika kwa mistari safi na hakitavutika kwenye mshazari. Wanga unavutia wadudu, kwa hiyo ufuliwe kazi ikiisha, na usihifadhi vitambaa vikiwa nao.

Kama huna kisu cha gurudumu, kiolezo kinatosha. Boksi gumu linafaa kwa viraka vichache, lakini kingo zake huliwa na kalamu. Kwa vingi, kata kiolezo kwenye kifuniko bapa cha ndoo ya plastiki, na ubandike vipande vidogo vya msasa chini yake ili kisiteleze. Chora kila kiraka kutoka kwenye kiolezo kilekile. Ukichora kiraka cha pili kwa kufuata cha kwanza, cha tatu kwa kufuata cha pili, kila kimoja kitakuwa kikubwa kuliko kilichotangulia kwa unene wa mstari wa kalamu.

Mabaki membamba ya sabuni ya kipande ndiyo chaki bora ya vitambaa vyeusi. Yanatoa mstari mwembamba na yanaondoka kwa maji. Chagua sabuni kavu ya kufulia, si ile yenye mafuta ya kulainisha ngozi. Kalamu zinazofutika kwa joto la pasi nazitumia kwa tahadhari, kwa sababu wino wake haujaondoka bali umefichika, na unaweza kurudi mfarishi ukipata baridi kali.

Sasa hesabu. Mshono wa kuunganisha viraka huchukua robo inchi, karibu milimita 6, kila upande. Mraba unaotaka ubaki inchi 4 ukishashonwa unakatwa inchi 4 na nusu. Kwa pembetatu mbili zinazounda mraba, kanuni ni kuongeza inchi 7/8 kwenye kipimo cha mwisho. Mimi huongeza inchi nzima, nikashona, halafu nikapunguza mraba hadi kipimo sahihi. Kitambaa kidogo kinapotea, lakini kona zinakutana.

Kosa la milimita moja na nusu laonekana dogo. Chukua mstari wa viraka 8, wenye mishono 7. Kila mshono unakula pande mbili, kwa hiyo kosa linakuwa milimita 3 kwa mshono, milimita 21 kwa mstari. Mstari wa jirani ulioshonwa sahihi utakuwa mrefu kwa sentimita mbili, na hakuna pasi itakayouficha.

Kwa hiyo jitengenezee ukuta. Laza rula chini ya mguu, shusha sindano kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono mpaka iguse mstari wa robo inchi. Rula ikae sambamba na ukingo wa bamba. Shusha mguu uishikilie, kisha bandika kando yake matabaka manne au matano ya tepu ya karatasi, au kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Kitambaa kitatambaa kikiegemea ukuta huo. Usifunike meno wala mlango wa bobini. Shona viraka vitatu vya majaribio, kila kimoja inchi 2 na nusu, uvipime: cha katikati kiwe inchi 2 kamili. Kikipungua, sogeza ukuta karibu na sindano kwa unywele mmoja.

Anza kila safu kwa kushona kitambaa chakavu, kisha ingiza viraka vikifuatana bila kukata uzi. Chakavu hicho kinameza ule msongamano wa mwanzo, na pia kinazuia kona ya kiraka kumezwa na tundu la bamba. Maliza safu kwa chakavu kingine, na hicho ndicho kitakachoanza safu inayofuata.

Pasi ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe. Kwanza bonyeza mshono ukiwa umefumba, kisha ufungue na uulaze upande wa kitambaa cheusi zaidi. Safu ya kwanza mishono ilazwe kulia, ya pili kushoto. Zikikutana, zitajifunga zenyewe na kona haitapishana.

Kupanga matabaka

Hapa ndipo mifarishi mingi inapata mikunjo ya nyuma isiyoondoka.

Bitana na pamba vizidi viraka kwa sentimita 5 hadi 8 kila upande. Blanketi jembamba la zamani linafaa badala ya pamba, mradi limefuliwa na halina matundu. Tandaza bitana sakafuni upande wa ndani ukiwa juu, ubandike kingo zake kwa tepu, ukianzia katikati ya kila upande kuelekea kona. Ikazwe mpaka mikunjo iishe, isivutwe. Ikivutwa, itajirudi ukiiachia. Tandaza pamba, ilainishe kwa viganja kutoka katikati. Tandaza viraka.

Kisha yashikize matabaka pamoja. Unaweza kupiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya sentimita 5 hivi, au utumie pini za kufunga kila baada ya upana wa kiganja. Kijiko cha chai kinaokoa vidole: ingiza ncha ya pini, ikitokeza juu iegemeze kwenye ukingo wa kijiko na uisukume ifunge. (Pini hiyo ilipewa hataza mwaka 1849 kwa jina la Walter Hunt, Mmarekani ambaye miaka ya 1830 alikuwa ametengeneza cherehani ya nyuzi mbili na hakuichukulia hataza. Howe akaja akapata sifa.) Usifunge pini mahali sindano itakapopita.

Ukimaliza kufunga pini, kabla hujaondoa tepu, geuza kona moja uangalie nyuma. Ni rahisi kurekebisha sasa.

Kushona matabaka matatu

Mfarishi ni mzito, na uzito ukining'inia mezani unavuta sindano na kuipinda. Weka meza ya pili au ubao wa kupigia pasi kushoto kwako na mwingine nyuma ya mashine, usawa mmoja na meza. Upande utakaopita chini ya mkono wa mashine uviringishe na kuubana kwa vibanio vya nguo.

Ongeza urefu wa mshono hadi milimita 3 hivi. Kama mashine ina kitufe cha kupunguza mgandamizo wa mguu, kipunguze, la sivyo tabaka la juu litasukumwa mbele na kukunjana. Anzia katikati ukielekea nje, siku zote. Glavu za mpira za kuoshea vyombo zinashika kitambaa vizuri kuliko vidole vitupu. Kata ncha za vidole viwili vya glavu ili uweze kushika uzi.

Kwa mistari iliyonyooka, bandika tepu ya karatasi na ushone kando yake, si juu yake. Ing'oe siku hiyohiyo, maana ikilala juani gundi hubaki. Kama unataka kushona michoro huru na mashine haina namna ya kushusha meno, funika meno kwa kadi ngumu yenye tundu la sindano, uweke urefu wa mshono sifuri, na utumie mguu wa kazi hiyo.

Ukifika kwenye makutano mazito ya mishono, mguu unainuka mbele na mashine inakwama. Kunja kitambaa au boksi mpaka lifikie unene wa nundu hiyo, liweke chini ya kisigino cha mguu kwa nyuma. Mguu ukilala bapa, mashine inapita. Mbinu hii inaokoa sindano nyingi.

Rili kubwa ya uzi isiyoingia kwenye kijiti chake iweke ndani ya kikombe nyuma ya mashine, ubandike pini ya kufunga juu ya mashine kwa tepu, na upitishe uzi kwenye kijitundu cha pini. Pedali inayokimbia sakafuni iwekee kipande cha mpira wa baiskeli chini. Mashine inayopiga kelele mezani iwekee taulo lililokunjwa, ila usizibe matundu ya hewa ya mota.

Ukijichoma na damu ikadondoka, usiende kwenye maji ya moto, yataigandisha. Tafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kilowe mate yako, ukisugue juu ya doa, kisha umalize kwa maji baridi.

Wanaoshona kwa mkono wakate uzi wa sentimita 45 hivi, waupitishe kwenye nta ya nyuki na kuubonyeza kwa pasi katikati ya karatasi ili nta iingie. Hautajifunga fundo. Uzi wa nta usiingie kwenye mashine, utaziba visahani.

Pindo, na baada ya hapo

Pindo la ukanda wa inchi 2 na nusu, uliokunjwa mara mbili kwa urefu, linatosha kwa mifarishi mingi. Jumlisha pande zote nne, ongeza sentimita 30 za kona na maungio, ugawanye kwa upana wa kitambaa ukitoa sentimita 10 kwa kila ukanda. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 una mzunguko wa 700; ukiongeza 30 na kugawa kwa 100 (kitambaa cha upana wa sentimita 110 ukitoa 10), unapata 7.3, yaani unahitaji kanda 8.

Ufue mara ya kwanza kwa maji baridi pamoja na kipande cha kitambaa cheupe kinachonyonya rangi itakayotoroka, na uukaushe ukiwa umelazwa, usining'inizwe kwenye kamba ukiwa umelowa: uzito wa maji unakata mishono.

Na mashine, kabla ya kuifunika, ipige brashi sasa hivi, pamba yote ya mfarishi iko chini ya bamba. Toa sindano iliyotumika, weka kitambaa chakavu chini ya mguu kinyonye mafuta yatakayoshuka, uvishe foronya kuukuu juu yake. Kama haitaguswa kwa miezi, vua mkanda, na kila baada ya wiki chache zungusha gurudumu kwa mkono mara kumi hivi ili mafuta yasigande mahali pamoja.